Mama wa Tangi la Nne

Renatha aliingia dukani kwangu siku ya Jumatano, saa nane mchana, ameshika karatasi nne zilizochanwa kwenye daftari, akaniambia baba yake amefariki. Hakulia. Alisema kama mtu anayetoa taarifa aliyokwisha kuitoa mahali pengi siku hiyo: hospitali, kwa padri, kwa mwenye gari. Mwili uko mochwari, kesho asubuhi wanasafiri nao kwenda Ikola, mazishi alasiri. Kilichobaki ni wasifu wa marehemu, na wasifu huo alitaka niuchape mimi, nakala hamsini, picha ya mzee juu. "Dada Spe, wewe ulimjua," alisema. "Hao wengine watanichapia makosa." Mimi nina duka dogo la fotokopi karibu na stesheni ya reli. Nachapa barua za kuomba kazi, mikataba ya viwanja, kadi za harusi na wasifu wa marehemu, na nimechapa maisha ya watu wengi bila mkono kutetemeka. Nikampa pole, nikamkalisha kwenye kiti cha wateja, nikawasha kompyuta. Ukurasa wa kwanza niliumaliza vizuri. Kwenye wa pili nikakuta mstari huu, kwa kalamu ya bluu: Marehemu alifanya kazi Nyumba ya Samaki, Mpanda, kwa mwaka mmoja, akaachishwa kwa uzembe wake, jambo alilolikiri mwenyewe na kulijutia mpaka mwisho.

"Hili nalo niandike?" nikamuuliza. "Kwenye msiba watu wanaandika mazuri."

"Liandike hivyo hivyo. Mwenyewe alituagiza. Alisema wasifu wa uongo usisomwe juu ya jeneza lake."

Nikaweka vidole kwenye vitufe, vikafika kwenye neno uzembe, vikagoma. Uzembe ule haukuwa wa baba yake, Mzee Alfonsi. Ulikuwa wangu. Naijua siku, nalijua tangi, na najua kidole gani kilifanya. Katika dunia nzima aliyejua hayo ni mimi peke yangu, na sasa niliombwa niyapige chapa kinyume, nakala hamsini, wasome watu makaburini.

Ukisimama mlangoni kwangu unaliona paa la jengo lenyewe. Lilikuwa ghala kabla halijawa Nyumba ya Samaki, na sasa ni ghala tena. Malori ya mpunga kutoka Majimoto yanashusha magunia palepale tulipokuwa tunakatia tiketi. Mwenye Nyumba ya Samaki tulimwita Bwana Gervas. Alikuwa mfanyabiashara wa mbao aliyewahi kusafiri ng'ambo, na huko, katika jiji moja la pwani, akaingia kwenye jumba la vioo ambamo watu wanatembea chini na papa wanapita juu ya vichwa vyao. Alipiga picha humo, akaitundika kwetu mlangoni: yeye na suti yake, mdomo wazi, na juu yake tumbo jeupe la papa. Alirudi na wazo moja lililomganda kichwani. Watalii wanakwenda mbugani kuona viboko, wanapita Mpanda bila kununua hata soda, wakati sisi ziwa tunalo, na samaki wasiopatikana pengine popote tunao. Tulichokosa ni vioo tu. Watu walimcheka. Samaki wa kuangalia? Sisi samaki tunamwangalia sahanini! Lakini siku ya kufungua, waliocheka ndio waliowahi foleni, na foleni ilifika mpaka kwenye reli. Watalii walikuja wachache. Wenyeji ndio waliojaa, wametoka Mpimbwe, wametoka kambi za wakimbizi, wamevaa nguo za kanisani, na wakishavuka lile pazia zito la mlangoni walishusha sauti wenyewe bila kuambiwa.

Ndani kulikuwa na matangi kumi na moja ya vioo vinene, na moja katikati refu kuliko chumba nilichopanga. Mwanga ulikuwa wa kijani kibichi, sakafu imelowa muda wote, na pampu za hewa zilikuwa zinabwabwaja kutwa kucha. Sauti ile bado ninayo. Nikiingia kwenye nyumba ambayo maji yanachemka jikoni na watu wamenyamaza, natoka nje kwa kisingizio. Umeme ulikuwa ukikatika mara kwa mara, na ukikatika pampu zinakufa, basi sote tunakimbilia vikombe: unachota maji ya tangi, unayamwaga kutoka juu ili yashuke na hewa, unachota tena, unamwaga tena, mpaka mkono unakufa ganzi. Bwana Gervas mwenyewe alikunja mikono ya shati akachota kama sisi. Nilikuwa na miaka ishirini. Nilikuwa nimeshuka kutoka milima ya Mwese na cheti cha kidato cha nne ambacho sikupenda kukionyesha, na ziwa sikuwahi kuliona kwa macho. Kazi yangu ilikuwa kushika kijiti na kueleza. Huyu anaishi mawe ya chini, huyu anatoka usiku, huyu ukimgusa mgongo anakuchoma. Nilikariri yote kwa wiki mbili, nikayasema kwa sauti ya mtu aliyezaliwa majini. Nilikuwa na majivuno yasiyo na mfano.

Taabu yetu kubwa siku za mwanzo ilikuwa ukarimu wa watu. Huku kwetu huendi kumtazama mgonjwa, mfungwa wala mgeni mikono mitupu, kwa hiyo waliokuja kuwatazama samaki walikuja na chochote. Karanga. Mkate. Donge la ugali lililofungwa kwenye jani. Bibi mmoja wa kwetu Mwese alitembea na maharage ya kuchemsha kwenye kikombe, akaniuliza kwa upole kwa nini hawa watoto wamefungiwa na hakuna anayewapa chakula. Nikigeuza mgongo, mtu amenyanyua kifuniko, amedondosha chake, amefuta mikono, roho yake imetulia. Ugali ule ulikuwa unachacha chini ya mawe na maji yanageuka meupe. Mzee Alfonsi hakuwahi kumgombeza hata mmoja. Alikuja na bomba lake la mpira na ndoo, akafyonza ule uchafu kidogo kidogo, akisema, "Wamewaonea huruma. Huwezi kumpiga mtu kwa huruma yake."

Tulimwita mzee, ingawa nikipiga hesabu sasa naona hakuwa amefika hamsini. Alikuwa mpiga mbizi wa Ikola, kijiji cha ziwani, na samaki wote walitoka mikononi mwake. Wale wa kina kirefu huwezi kuwapandisha kwa mara moja, tumbo litavimba mpaka lipasuke, kwa hiyo alikuwa akiwaweka kwenye kapu lenye kamba na kulipandisha hatua kwa hatua, siku mbili nzima, yeye amelala ndani ya mtumbwi anasubiri. Maji nayo yalitoka ziwani, kwa mapipa, juu ya lori. Wiki ya kwanza tulijaribu maji ya kisima chetu, samaki wakafa wote, wamelala ubavu, na Mzee Alfonsi akawazika nyuma ya jengo mmoja mmoja. Alikuwa anaishi hukohuko nyuma, chumba kimoja kilichokatwa kwa mbao, pamoja na huyu Renatha, wakati huo mtoto wa kidato cha pili, shingo ndefu, hodari wa hesabu; mama yake na wadogo zake walibaki Ikola. Mchana nilikula kwao. Ugali, maharage, majani ya maboga yaliyoungwa karanga. Samaki hakuliwa ndani ya jengo lile hata siku moja. Renatha alikuwa akimtania baba yake kwamba ni mvuvi wa kwanza katika historia anayekula kama mbuzi, na yeye anacheka bila sauti, mabega tu yanatikisika. "Mlinzi hali anacholinda," anasema. Nimekula kwenye nyumba nyingi tangu hapo. Sijui kama nimekaribishwa popote kama kwenye kile chumba.

Ukuta wa mbao hauna siri. Siku moja nilikuwa nafuta kioo cha tangi kubwa, nikasikia Bwana Gervas akiongea upande wa pili.

"Alfonsi, wananifia. Kila wiki unachimba shimo jipya."

"Safari imewachosha, bosi. Wakizoea watazaa."

"Lini?"

"Wakizoea."

"Sikiliza nikwambie. Nipe samaki mmoja aliyezaliwa humu. Mmoja tu, mzaliwa wa Mpanda. Hapo nitajua hii kazi ina uhai, utakaa hapa mpaka uzeeke, na huyo binti yako atamaliza shule kwa mkono wangu. Mvua zikiisha hujanipa, namleta kijana wa Dar mwenye cheti."

"Nimesikia," Mzee Alfonsi akasema. Nami nilisikia. Siwezi kujitetea kwamba sikujua kilichokuwa kinategemea matumbo ya wale samaki. Nilijua kila neno.

Tangi la nne lilikuwa na samaki wakubwa wenye milia, dume mmoja mwenye nundu kichwani na majike matano. Watu waliwaita punda milia na mimi nikawaita hivyohivyo. Mvua zilipokolea, jike mmoja akaacha kula. Alijitenga kwenye kona, taya la chini likavimba, na nyama za mwili zikaanza kwisha mpaka akabaki kichwa. Asubuhi moja nikakuta Mzee Alfonsi amepigilia misumari miwili juu ya fremu na kuning'iniza kipande cha khanga kuziba kona ile. "Huyu mama aachwe," aliniambia. "Asiguswe, asipewe kitu."

"Anaumwa nini, mzee?"

"Haumwi." Akachukua ndoo zake akaenda kuziosha.

Hakuwa mtu wa mafumbo. Kwao ziwani mimba haitangazwi. Haisemwi mpaka mtoto amelia, kwa sababu kinywa cha mtu kinaweza kuiharibu, na aliyebeba huachwa apite kama hajabeba. Hata kwetu Mwese ni hivyohivyo. Angekuwa shangazi yangu amekaa kona na khanga, nisingeuliza neno, ningeelewa na kumletea uji. Lakini samaki? Nani wa milimani angejua kuna samaki anayeweka mayai mdomoni, watoto wanaanguliwa humohumo, na mama hatii kitu tumboni wiki tano au sita mpaka wawe na nguvu ya kuogelea? Mzee hakumwambia Bwana Gervas. Hakumwambia hata Renatha. Alitaka watoto watoke kwanza, wawe wanaonekana, ndipo amwite bosi wake aje atazame. Akaondoka na lori kwenda kuchukua maji, safari ya siku nne, mvua ikakata barabara, siku nne zikawa wiki mbili. Asiyekuwepo na lake halipo.

Wiki mbili hizo nilikuwa nikinyanyua pembe ya khanga kila asubuhi. Nilimwonea huruma kuliko nilivyowahi kumwonea mnyama. Nilimwona anakufa kwa njaa huku wenzake wananenepa, anafungua mdomo kidogo tu, kama uzi, na kuufunga. Kwa mjomba wangu kulikuwa na ndama aliyeacha kula hivyohivyo, taya limejaa, na watu wazima wakasema amelogwa. Mjomba akamlaza, akaingiza mkono, akatoa gunzi la mahindi lililokwama. Ndama alisimama palepale akanyonya. Kwetu mnyama asiyekula unafungua kinywa kwanza, mengine baadaye. Hilo ndilo nililokuwa najua, na mtu akijua jambo moja tu hulitumia kila mahali.

Siku hiyo walikuwa wanakuja wageni wa kampuni moja ya kupeleka watalii mbugani, na familia zao. Bwana Gervas alikuwa ametoa suti ileile ya kwenye picha. Alipita akikagua, akafika tangi la nne, akaona khanga. "Hii nguo ya nini? Tuna msiba humu?" Akaivuta, ikachanika kwenye msumari. Akamwona. "Wewe binti, huyu ana uvimbe. Mtoe, kamtupe huko nyuma kabla hawajafika. Wakimwona watasema tunatesa wanyama." Akaenda kusimama mlangoni. Ningeweza kusema mzee amekataza. Sikusema, bosi ni bosi. Ila sikutaka pia kumtupa. Nikapanda kwenye stuli, nikaingiza wavu, nikampata kirahisi, hakuwa na nguvu ya kukimbia. Nikamshikilia usawa wa maji, ndani ya wavu, kwa mkono wa kushoto. Nikapitisha kidole kidogo cha mkono wa kulia kwenye pembe ya mdomo, nikamfungua taya, nikatafuta gunzi langu.

Walitoka wote kwa pamoja. Vidogo, vyenye milia tayari, macho makubwa, kila kimoja ni samaki mzima mwenye urefu wa ukucha. Vilitumbukia majini, vikabaki vimekusanyika chini ya mama, mahali mdomo wake ulipokuwa, vinapiga vichwa kwenye wavu vikitafuta pa kuingia. Halafu dume likageuka. Majike wengine wakafuata. Niliingiza mkono wote, mpaka bega, nikajaribu kuvikusanya kwa kiganja, na kila nilipofunga vidole vilikuwa vimebaki vichache zaidi. Nyuma yangu pazia likafunguka. Wageni waliingia wakakuta maji yanachemka kwa samaki wanaorukaruka na kumeza, milia juu ya milia, na mimi juu ya stuli mkono umelowa. Mtoto mmoja akapiga kelele za furaha. Wakapiga makofi. Ndiyo, walipiga makofi! Bwana Gervas akanifanyia ishara ya kidole gumba. Nami nikashuka, nikaokota kijiti changu, nikasema kwa ile sauti yangu ya majini, "Karibuni. Hapa mnawaona wakati wa chakula." Wageni walipoondoka akaniambia nimechagua muda mzuri sana wa kuwalisha, akaniuliza niliwapa nini. "Dagaa," nikasema.

Mama yao hakufa. Nilimrudisha kwenye kona yake, naye akawa anazunguka akifungua mdomo na kuufunga, polepole, hatafuni kitu, kama mtu anayepapasa kwa ulimi pengo la jino lililong'oka jana. Hilo ndilo linalonirudia. Waliomezwa walikwisha kwa dakika chache, ila yeye alitafuta siku nyingi. Nikiwa natafuna chakula na mtu ananitazama, mpaka leo, kuna wakati nashindwa kumeza.

Mzee Alfonsi alirudi siku ya tatu, matope mpaka magotini. Hakunawa. Alikwenda moja kwa moja tangi la nne, akasimama. Khanga nilikuwa nimeishona na kuirudisha mahali pake, ujinga mtupu. Aliinyanyua, akatazama, akaishusha.

"Mwanangu, kuna mtu alimgusa?"

"Hapana, mzee."

"Hata bosi?"

"Bosi alitoa nguo tu. Wageni walikuja."

Nilisema hapana kwa sababu niliogopa kurudishwa Mwese. Nimetafuta sababu yenye heshima kuliko hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini, sijaipata. Na yeye aliniamini. Angenishuku, angenipiga hata kofi, ningekuwa na pa kushikia. Aligeuza ndoo akakaa juu yake, akaanza kunieleza yote, mayai, mdomo, wiki sita, kwa sababu sasa hapakuwa na kitu cha kufichwa. Alisema mama akiona maji yamechakaa, akiona hakuna usalama, huwameza mwenyewe. "Nimechelewa na maji," akasema. "Kamera zao, kelele, na maji ya zamani. Amewameza. Ni mimi." Nilisimama na fagio la kukaushia sakafu. Nilikuwa na nafasi ya kusema, na haikuwa fupi. Renatha akaingia na sare za shule, akauliza baba ana nini, akaambiwa amechoka na barabara.

Siku hiyohiyo nilisikia yaliyobaki kupitia ukuta. Alikwenda mwenyewe kwa Bwana Gervas, hakuitwa. Akamweleza kwamba samaki alizaa kweli, humuhumu Mpanda, akabeba watoto karibu kufika, wakapotea kwa kosa lake yeye aliyechelewa. Bwana Gervas hakufoka. Ingekuwa afadhali. Alisema, "Kwa hiyo ulijua ukaninyima. Kile nilichokuomba kilikuwa nyuma ya kitambaa, na mimi nikakaa hapa nahesabu waliokufa."

"Kwetu hatutangazi, bosi."

"Basi nenda kwenu, Alfonsi. Mwisho wa mwezi."

Mchana wa siku ya kuondoka nilikula nao mara ya mwisho. Sanduku la bati la Renatha lilikuwa limefungwa kwa kamba na kusimamishwa mlangoni, na yeye anachezea kijiko, hali. Mzee alinisogezea bakuli la maharage lenye mchuzi mzito, akamwambia binti yake, "Mshukuru dada yako. Alikaa na samaki peke yake wiki mbili, mimi niko barabarani." Renatha akanishukuru. Nikajibu asante nawe. Nikala, nikamaliza. Kijana wa Dar alikuja, alikuwa mpole na alikuwa na cheti kweli, ila hakujua kupanda mtumbwini, na kiangazi hakijaisha matangi yote yalikuwa makavu. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Sijui wanamsema mwongo gani.

"Mbona huchapi, dada? Umeme umekatika?" Renatha aliniuliza. Umeme ulikuwepo. Kishale kilikuwa kinawaka na kuzimika baada ya neno uzembe. Nilimtazama, mwanamke mzima sasa, mikono ya kuanika dagaa, khanga ya msiba kiunoni, yule aliyekuwa anamaliza hesabu zake kabla sijamaliza kusoma swali. Nikazungusha kiti. Nikamweleza, kuanzia khanga mpaka kidole, na makofi, na dagaa wa uongo, na lile hapana. Sikulia, nilijikataza, machozi yangemlazimisha kunibembeleza. Mteja alichungulia mlangoni na kitambulisho cha kutoa nakala, nikampungia mkono arudi baadaye.

Renatha alikaza fundo la khanga kiunoni.

"Mama alikuwa anamwita mzembe," akasema hatimaye. "Mbele yetu. Wakigombana hata kwa ajili ya chumvi, anamwambia, wewe mzembe uliyemtoa mtoto shule. Baba hajibu. Nyie watu wa mjini mnadhani kijijini mambo yanasahaulika. Mama alikufa anamwita hivyo."

"Nisamehe, Renatha."

"Na mimi nilimwamini mama," akaendelea, kana kwamba hakunisikia. "Hiki kipindi amekuwa mgonjwa nilikuwa namhudumia vizuri. Kumwosha, kumlisha, dawa. Lakini moyoni, dada, nilikuwa namwambia, ungekuwa makini mara moja tu, ningekuwa nani leo. Nimemlisha uji nikiwa na hilo. Jana nimemfunga macho nikiwa na hilo."

Akainua ile karatasi ya pili, akaisoma tena, akanirudishia mkononi.

"Umeshamwambia nani mwingine?"

"Hakuna."

"Basi andika. Kama ulivyonieleza. Na jina."

"Jina langu?"

"Kwani alifanya nani?"

Nikafuta nilichokuwa nimechapa kutoka mstari wa kalamu ya bluu, nikaandika mwingine. Aliachishwa kazi kwa kosa ambalo halikuwa lake. Kosa lilifanywa na mfanyakazi mwenzake, Spesioza, ambaye alificha ukweli, na marehemu akajilaumu bure. Ulikuwa mwaka mzito kuandikwa kwa mistari miwili. Renatha alisimama nyuma ya bega langu mpaka nikamaliza, akasema jina langu nimelitia s tatu badala ya mbili, nikarekebisha. Kisha akabeba nakala zake zikiwa bado zina joto la mashine, akaenda kutafuta sanda.

Nami nilikwenda Ikola. Hakunialika, hakunikataza pia. Nilipata nafasi nyuma ya gari la pili, kati ya masufuria na akina mama wa jumuiya waliokuwa wakiimba kwa zamu. Ziwa nililiona nyuma ya nyumba, kubwa, la bluu, siku ile sikuweza kulitazama. Jeneza liliwekwa kwenye kivuli cha turubai, wanaume kwenye viti, sisi wanawake chini kwenye mikeka. Renatha alisoma wasifu mwenyewe. Alisoma kuzaliwa, ubatizo, mbizi ya kwanza, ndoa. Alipofika kwenye Nyumba ya Samaki hakupunguza sauti wala hakuipandisha, akalisoma jina langu, akainua macho, yakapita kwenye mikeka yakinitafuta. Nikasimama. Hakuna aliyeniambia nisimame. Vichwa viligeuka, mmoja, kisha vyote, na mzee mmoja kwenye viti akavua kofia akaishika magotini. Hakuna aliyeniambia nikae. Renatha akarudi kwenye karatasi, akaendelea kusoma yaliyofuata baada ya kutoka Mpanda: alivyorudi kupiga mbizi na umri ule, sikio lililopasuka chini ya maji, mizigo aliyobeba wenzake walipokataa kumchukua mtumbwini kwa kuwa hasikii, watoto watatu walioishia darasa la saba, nyumba aliyoanza kujenga. Alisoma mwaka baada ya mwaka, bila haraka. Nilisimama peke yangu katikati ya wanawake waliokaa mpaka akaimaliza miaka yote, na ilikuwa mingi.